Kipande cha Sita

Jumatatu, 8 Julai 1991

Leo nimekamilisha, kwa fikra zangu mwenyewe, "Maelezo ya Kochi la Sebule Lenye Vipande Sita". Kurasa tatu zilizopigwa chapa, nakala mbili, vifungu kumi na vinne. Sijapata kusikia mtu wa Mpanda aliyeagiza kochi kwa maandishi. Wengine humwendea fundi wakachora hewani kwa mikono — liwe hivi, liwe vile — kisha hulalamika maisha yao yote.

Sababu ya vipande ni mlango wetu, ambao ni mwembamba. Kochi la Bwana Yotham, mwenyekiti wa jumuiya yetu, liliingizwa kwake baada ya fremu kung'olewa, na hadi leo mlango wake haufungi sawasawa. Langu litaingia kipande kimoja kimoja. Vikipangwa kwa mstari, ni kochi refu. Vikipangwa kwa kona, vinakuwa kochi la kona. Jumuiya ikija, vinatawanywa, watu sita wanakaa. Mgeni akilala, vitatu vinasogezwa pamoja na kuwa kitanda.

Kifungu cha 4 kinasema: "Vipande vyote sita vitakuwa sawasawa kwa kimo, upana na kina, ili kila kimoja kiweze kushika nafasi ya kingine pasipo tofauti." Nimekisoma mara tatu. Hakihitaji kuongezwa neno.

Zamu yetu ya kusalisha jumuiya ni Alhamisi, tarehe 15 Agosti, Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, somo wa mke wangu Mariana, yaani Mama Hana. Miaka kumi na mmoja ya ndoa tumewakalisha wageni kwenye benchi la kuazima. Safari hii, hapana.

Jumanne, 9 Julai

Fundi amepatikana. Jina lake Libérat, mzaliwa wa Burundi, wa makazi ya wakimbizi ya Katumba, ana kibanda cha useremala hapa Makanyagio. Alikuja mezani kwangu, kwenye baraza karibu na posta ninapowaandikia watu barua, kwa shida yake mwenyewe. Kibali chake cha kukaa na kufanya kazi nje ya makazi kinakwisha tarehe 10 Agosti. Asipoongezewa muda, Jumatatu yake itamkuta Katumba, na huko atabaki.

Tumekubaliana. Mimi nitaandika maombi yake na kuyafikisha ofisi ya vibali kwa mkono wangu, kwani barua zangu zinajulikana huko. Yeye atatengeneza kochi. Mbao za mninga na sponji ni juu yangu. Hakuna fedha itakayopita kati yetu. Barua kwa kochi, kazi kwa kazi.

Jumatano, 10 Julai

Fundi alifika nyumbani kuona sebule. Nilimkabidhi Maelezo. Aliyakunja mara nne akayatia mfukoni bila kuyasoma.

Aliniomba nikae kwenye benchi. Nikakaa. Akanitazama kama mtu anayetazama gogo. Kisha akamwomba Mama Hana akae pale pale. Akatazama chini.

"Shemeji," akasema, "miguu yako haikanyagi."

Mama Hana akaiangalia miguu yake kana kwamba ni ya mtu mwingine, akacheka. Ni kweli haikukanyaga. Ilining'inia kiasi cha vidole vinne. Fundi akaeleza kwamba starehe ya kochi huanzia kwenye nyayo, kwamba mguu ukining'inia mgongo nao haulali. Mama Hana akasema, "Ndiyo maana kanisani huwa nakaa ukingoni."

Miaka kumi na mmoja. Kanisani ninakaa upande wa wanaume, siwezi kuona kila kitu.

Na hilo neno shemeji. Mimi na yeye si ndugu.

Jumamosi, 13 Julai

Fundi amependekeza kipande kimoja kiwe kifupi kuliko vingine, kwa ajili ya Mama Hana. Nilimjibu palepale kwamba jambo hilo linavunja Kifungu cha 4. Akasema, "Mzee, watu hawako sawa, viti vitakuwaje sawa?" Nikamwambia nitampa jibu rasmi.

Jibu nimelipiga chapa mchana: "Pendekezo lako limezingatiwa kwa makini, na inasikitisha kukuarifu kuwa halikukubaliwa." Nilimpelekea mwenyewe kibandani. Alilikunja mara nne.

Jumanne, 16 Julai

Barua ya Libérat nimeimaliza. Ni barua nzuri. Aya ya pili inaanza, "Mwombaji ni mtu wa mikono yenye faida kwa jamii inayomzunguka." Nimeitia katika bahasha. Kesho nitaifikisha.

Jumatatu, 22 Julai

Sponji limewasili kutoka Tabora kwa treni. Godoro zima limefungwa kwa kamba, limelowa upande mmoja, lina harufu ya samaki. Nililibeba kichwani kutoka stesheni.

Nilipokaribia nyumbani nilisikia kicheko cha Mama Hana kutoka uani. Nilisimama na godoro kichwani. Ni kicheko kile cha zamani, cha kwao Inyonga, tulipokuwa wachumba. Sikukumbuka lini nilikisikia mara ya mwisho.

Libérat alikuwa amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, anakunywa chai. Kikombe chenye maua — ambacho mimi hunywea Jumapili. Jirani yetu Christina alikuwapo pia, anapepeta mchele. Walinyamaza nilipoingia. Christina akasema, "Baba Hana, umekuwa kama konokono, unahama na nyumba." Wakacheka tena, wote watatu.

Niliuliza chai ile imetoka wapi. Mama Hana akajibu imetoka jikoni.

Bahasha bado iko kwenye droo. Wiki iliyopita palikuwa na shughuli nyingi.

Ijumaa, 26 Julai

Mama Hana anafuma vitambaa vya kutandika makochini. Vitano vimekamilika, vyeupe, vya mraba, vinalingana. Cha sita kina maua ya waridi pembeni, na ni kidogo. Nilimwuliza mbona hiki hakilingani na vingine. Akasema uzi ulipungua. Mtu aliyepungukiwa uzi haongezi maua.

Jumamosi, 27 Julai

Nimeona kitu.

Kikapu chake cha kufumia kilikuwa juu ya meza yangu ya chakula. Nilikisogeza ili niweke karatasi. Chini ya uzi palikuwa na kamba ya katani, nyembamba, yenye mafundo matatu. Si kamba ya kufumia. Ni kamba ya seremala. Mafundi wasiopenda futi kamba hupima hivyo.

Nilichukua rula. Hadi fundo la kwanza, inchi kumi na nne. Kutoka la kwanza hadi la pili, kumi na saba. La tatu, tisa. Nilijiuliza ni vipimo vya nini. Si meza. Si dirisha. Nikakaa, nikaishusha kutoka nyuma ya goti langu hadi chini, na kamba haikufika sakafuni. Ndipo nikajua. Ni goti la mtu mfupi. Ni paja lake. Ni kutoka anapokalia hadi kwenye kiwiko chake.

Mtu huyo alipimwa. Kamba ilishikwa hapa, ikavutwa pale. Mkono wa nani ulifunga mafundo haya?

Sikuuliza. Nimeitia kamba kwenye droo, pamoja na bahasha.

Jumapili, 28 Julai

Misa ya kwanza. Nilimtazama Mama Hana kutoka upande wetu. Alikaa ukingoni mwa benchi, mguu mmoja umekanyaga, mwingine unatafuta.

Alhamisi, 1 Agosti

Libérat alikuja barazani. Alisubiri wateja wawili waondoke, kisha akauliza kwa adabu kama maombi yake yamejibiwa. Nilisema yako katika hatua. Neno hilo nimelitumia kwa watu wengi na halijawahi kuwa uongo. Akasema, "Ego, ndiyo, mzee. Wewe ndiye unajua njia zake."

Kisha akasema kuna kamba yake imepotea. Nilimwuliza kamba gani. Akatazama viatu vyake, akasema ni kamba tu, atapata nyingine.

Atapata nyingine kwa kupima tena, bila shaka.

Jumatatu, 5 Agosti

Nilitoa bahasha kwenye droo asubuhi, nikavaa koti, nikafika hadi kwenye kona ya soko. Hapo nilimwona Mama Hana akitoka kibandani kwa Libérat, na kikapu kichwani. Alikuwa amepeleka vitambaa vijaribiwe, alisema baadaye bila kuulizwa. Nilirudi nyumbani. Nilivua koti.

Aya ya pili nimeisoma tena. "Mtu wa mikono yenye faida." Ni mimi niliyeandika maneno hayo.

Ijumaa, 9 Agosti

Vipande vitano vimefika, kwa baiskeli, safari tano. Kila kimoja kilipita mlangoni pasipo kugusa fremu. Mninga umepigwa randa hadi unang'aa. Sponji limekaza vizuri, na harufu ya samaki imekwisha. Nilikaa kimoja baada ya kingine. Vyote sawa. Mgongo wangu, unaoinama mezani tangu nikiwa tarishi wa mahakama, ulilala nyuma wenyewe. Sikutaka kuinuka. Naandika ukweli kwa kuwa daftari hili ni langu: sijawahi kukaa hivyo.

Niliuliza kipande cha sita kiko wapi. Libérat akasema mwili umekamilika, bado miguu, alikuwa akingoja kipimo, Jumatatu atamaliza. Alimtazama Mama Hana kidogo. Mama Hana alitazama dirishani.

Kisha akaniuliza, "Mzee, kesho ndiyo tarehe kumi. Niende nyumbani nimsalimie mama, au nisubiri?"

Alikuwa anauliza kama barua imepita. Nilielewa vizuri sana alichokuwa anauliza.

Nilisema, "Nenda ukamsalimie mama yako."

Jumatatu, 12 Agosti

Kibanda kimefungwa. Mama Hana alipita mara mbili. Mimi nilipita mara moja, kwa upande wa pili wa barabara. Kupitia upenyo wa mbao nilikiona kipande cha sita. Kimekaa sakafuni bila miguu, kimeelekea mlangoni.

Jumatano, 14 Agosti

Siku mbaya.

Christina aliingia saa nne asubuhi, hakubisha hodi. Kuna mtu amekuja sokoni kutoka Katumba. Libérat amezuiwa kutoka. Kibali kimekwisha na ofisini hakuna maombi yoyote yaliyopokelewa kwa jina lake.

"Hakuna yoyote," Christina akasema, akinitazama mimi. "Na wewe ndiye mwenye kalamu, Baba Hana."

Mama Hana aliacha kufagia.

Nilisema huenda barua imechelewa njiani. Christina akasema njia ya kutoka hapa hadi ofisini ni kuvuka soko tu, kuku wake huenda na kurudi. Kisha, akiwa amekwisha kugeuka, akaongeza, "Masikini. Mtu ana haya kama bibi harusi. Ile siku ya kumpima mwenzangu hapa, fundi alitoka kabisa, akasimama kule kwenye mpapai, ametupa mgongo anaangalia mawingu. Agosti inakaribia, mawingu gani? Anapiga kelele tu, 'Funga fundo hapo mama, funga la pili.' Mimi ndiye nimeshika kamba, mkono wangu ukafa ganzi."

Niliendelea kukunja karatasi iliyokuwa tupu.

Alipoondoka, Mama Hana akasema, "Nilimwambia afupishe kile kimoja. Mimi ndiye nilimwambia."

Nilisema, "Nilikwisha kukataa kwa maandishi."

"Ndiyo. Sasa ningekuja kwako, ungenipa karatasi nyingine."

Nilivaa koti nikaenda ofisini na bahasha. Karani aliipokea, akaangalia tarehe ya barua — 16 Julai — akaangalia kalenda ukutani. Akasema maombi yaliyochelewa hayasomwi bila maelezo ya sababu za kuchelewa, yaliyotiwa saini na aliyesababisha. Mwombaji atabaki makazini hadi yajibiwe. Akanirudishia bahasha. "Wewe unajua kuandika," akasema. "Leta Ijumaa."

Alhamisi, 15 Agosti. Kupalizwa Bikira Maria

Watu kumi na wanane. Wengine walikaa kwenye mikeka, watano kochini. Bwana Yotham alitangulia kukaa, akajinyoosha, akasogeza kipande chake mbele na nyuma.

"Hili si kochi, hili ni treni," akasema. "Mabehewa yanafungwa na kufunguliwa. Behewa la sita mbona silioni?"

"Limekatwa Kaliua," Christina akajibu. Watu wakacheka, kwa kuwa kila mtu hapa amewahi kusubiri behewa lililoachwa Kaliua.

Walilisifu sana. Mzee mmoja aliniuliza nilipata wapi akili hiyo. Nilifungua kinywa kueleza kuhusu Kifungu cha 4, nikaona afadhali ninyamaze. Mama Hana alikaa kwenye kigoda cha jikoni karibu na pengo, pale kipande cha sita kilipopaswa kuwa. Pengoni alikuwa ametandika kile kitambaa kidogo chenye maua, juu ya sakafu tupu. Wageni walikizunguka kwa uangalifu, pasipo kujua kwa nini.

Ulipofika wakati wa maombi ya waamini, mmoja aliombea mvua za msimu ujao, mwingine mgonjwa wake. Bwana Yotham akauliza, "Kuna mwingine?"

Mama Hana hakusimama. Alisema hivi, nimeyashika maneno yote:

"Namwombea fundi Libérat. Ndiye katengeneza hivi viti nyie mmekalia. Yeye hawezi kuja kwa sababu karatasi yake imelala kwa mtu. Huyo mtu, Mungu amwamshe. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie," jumuiya ikajibu.

Nami nilijibu. Ilinibidi kujibu. Hakunitazama hata mara moja, na hakuna aliyenitazama, isipokuwa Christina.

Nimeandika maombi ya watu kwa miaka kumi na minne. Mashamba, mirathi, watoto kurudishwa shuleni. Yale ya leo hayakuwa na kichwa cha habari, wala rejea, wala "kwa heshima na taadhima". Hakuna sentensi ningeweza kuiondoa.

Ijumaa, 16 Agosti

Asubuhi. Mashine iko mbele yangu. Mama Hana amevaa kitenge cha safari. Amesema barua ikipokelewa tutaenda Katumba wote wawili, kwa baiskeli, kumwambia fundi mdomo kwa mdomo. Nilimwambia ni mbali na barabara ni mbovu. Akasema, "Kwani nitatembea? Si utaniendesha wewe."

Nimetoa kamba kwenye droo, nikaiweka mezani. Aliitazama. Akaichukua, akahesabu mafundo kwa vidole.

"Kumbe nayo ulikuwa nayo," akasema. "Nikamsingizia panya."

Hakuna zaidi ya hapo. Ningependa angesema zaidi. Ningejua cha kujibu.

Maelezo ya sababu za kuchelewa. Nimekwisha kuwaandikia wengine mamia ya sababu. Msiba. Mafuriko. Kuharibika kwa lori. Ugonjwa wa ghafla. Jaribio la kwanza: "Ucheleweshaji huu umetokana na sababu zilizo nje ya uwezo wa mwandishi." Nimeirarua mwenyewe. Jaribio la pili: "kutokana na sababu za kifamilia". Mama Hana, ambaye husoma polepole, alisimama nyuma ya bega langu akaisoma hadi mwisho.

"Familia gani?" akauliza. "Mimi nimechelewesha nini?"

Nimeirarua hiyo pia.

"Andika ilivyokuwa tu, Baba Hana. Wewe si una maneno mengi."

Karani atasoma. Ataweka katika jalada, na jalada litakaa pale hata nikifa. Kila mtu wa ofisi ile anaijua saini yangu.

Mama Hana amechoka kusimama. Amekaa kwenye kipande cha tatu, mikono mapajani, kamba imezungushwa kidoleni. Ananisubiri. Kutoka hapa nilipo ninaiona miguu yake. Vidole vinne hadi sakafuni, kama siku ile fundi alipoiona.

Karatasi ya tatu. Naandika kwanza hapa, nione inavyosimama:

"Mwombaji hana kosa lolote. Aliyechelewesha maombi haya ni mimi niliyeyaandika. Niliyaweka kwenye droo kuanzia tarehe 16 Julai, kwa sababu mwombaji aliona jambo nyumbani kwangu ambalo ilinipasa mimi kuliona, nami nikaona wivu."